Ampuli Iliyobaki Zaidi ya Nusu

Jumamosi asubuhi binti yangu alitia chumvi kwenye chupa ya chai, vijiko vitano. Bibi yake akafoka: "Huna macho wewe?" Mtoto akajibu kwa sauti ya chini, "Bibi, lakini makopo yanafanana."

Ni kweli yanafanana. Chumvi na sukari zote tumezitia kwenye makopo ya siagi yenye mfuniko wa rangi moja, na yamekaa bega kwa bega kwenye rafu iliyo juu ya kichwa chake. Niliimwaga chai ile bila kusema neno. Mikono ilikuwa inatetemeka, na mama akadhani nimekasirika. Mimi nilikuwa nimerudi kimawazo thieta, chumba cha upasuaji.

Zamu ya usiku, operesheni ya tatu tangu jioni. Mapigo ya moyo wa mtoto tumboni yalikuwa yameshuka, na Dokta alishanawa, amesimama mikono juu akitusubiri. Mama mjamzito aliketi ukingoni mwa meza, amekumbatia mto, kidevu kifuani. Taa kubwa ilielekezwa mgongoni kwake, kama inavyotakiwa, kwa hiyo toroli ya dawa ilikuwa kwenye kivuli. Mimi ndiye mtoa ganzi, nilikuwa nimevaa glovu za upasuaji, na aliyevaa glovu hizo hagusi ampuli, kile kichupa cha kioo chenye dawa. Msaidizi ndiye huivunja shingo na kuiinamisha, nawe unatumbukiza sindano na kuvuta. Vidole vyake vilikuwa vimeizunguka ampuli palepale penye maandishi.

Niliuliza kama ni dawa ya ganzi ya mgongoni: "Bupivakaini?"

Akajibu, "Ndiyo, dada."

Nikavuta mililita 2, nikaliweka bomba la sindano kwenye trei. Sindano ya mgongo, namba 25, iliingia kati ya pingili ya tatu na ya nne ya kiuno bila taabu. Nikachomoa waya wa ndani, na maji ya uti wa mgongo yakaanza kudondoka, tone, tone, angavu kama maji ya mvua. Mkono wa kushoto ukaishika sindano isicheze. Nikageuka kuchukua bomba.

Ampuli ilikuwa bado imesimama pembeni mwa toroli. Kwa kawaida msaidizi huitupa papo hapo kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali, ila usiku ule boksi lilikuwa limejaa. Bupivakaini nzito tunayotumia huja mililita 4 kwa ampuli, ukivuta 2 inabaki nusu. Hii ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Niliitazama pengine kwa sekunde tatu, nazikumbuka zote. Sikufikiri kwamba nimekosea dawa. Nilifikiri nimevuta kidogo, nikatazama bomba: 2 kamili. Nikarudi kwenye ampuli. Kama nimetoa 2 na imebaki zaidi ya nusu, basi haikuwa na 4. Na dawa ya mililita 5 kwenye toroli ile ilikuwa moja tu.

Nikasema, "Geuza nisome."

Asidi ya traneksamiki. Miligramu 100 kwa kila mililita.

Dawa hiyo ni rafiki mkubwa wa kina mama. Utafiti wa WOMAN uliotoka 2017, wenye wanawake 20,060 kutoka nchi 21, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba inapunguza vifo vya kutokwa damu baada ya kujifungua, hasa ikitolewa ndani ya saa 3. Gramu 1, yaani ampuli mbili, inapita mshipani taratibu kwa dakika 10. Ndiyo maana ilikuwa thieta. Lakini mgongoni ni sumu. Mgonjwa huanza kulia maumivu makali ya mgongo na makalio, miguu inarukaruka, kisha degedege, na moyo hupoteza mpangilio wake. Shirika la Afya Duniani lilipotoa onyo kuhusu kosa hili mwaka 2022 lilisema karibu nusu ya wanaochomwa hivyo hufa. Bomba nililokuwa nimelinyooshea mkono lilikuwa na miligramu 200.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Nikarudisha waya, bomba likatupwa, ampuli mpya ikaletwa, nikaisoma kwa macho yangu mwenyewe, nikachoma. Mtoto alilia baada ya dakika chache. Mama yule hakujua lolote, aliniuliza tu kama ni wa kike.

Asubuhi kikaulizwa kitu kimoja: nani alivunja ampuli? Nesi yule aliandika barua ya maelezo huku akilia. Kwenye kikao tuliambiwa tuwe makini. Neno hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu alikuwa makini. Ampuli mbili za kioo cheupe, dawa zote angavu, maandishi madogo ya rangi moja, zimelala kwenye trei moja kwa sababu zote mbili ni "dawa za operesheni ya kujifungua". Na mimi niliuliza swali lenye jibu ndani yake. Ukimuuliza mtu saa tisa usiku "Bupivakaini?", sikio lake linasikia jina la dawa anayoitarajia, na jicho linafuata sikio.

Hatua mbili kutoka pale ilikuwepo mashine ya usingizi. Silinda ya oksijeni ina matundu mawili shingoni, na nira ya mashine, pale silinda inapofungwa, ina pini mbili zinazoingia humo: oksijeni nafasi ya 2 na 5, nitrasi oksidi, gesi ya usingizi, nafasi ya 3 na 5. Ukichukua silinda isiyo yake, haikai. Hata uwe umechoka vipi, hata taa izimike. Hakuna aliyewahi kutuitia kikao kutuambia tuwe makini na pini. Mtu fulani alikaa akafikiria mkono uliochoka utafanya nini, akauzuia kwa chuma.

Kwa ampuli hatuna chuma. Kuna mabomba na sindano za mgongo zenye kiungio cha pekee kisichoingiliana na cha mshipani, lakini hata hayo yatavuta kwa utiifu chochote kilichomo ndani ya kioo. Tukafanya tulichoweza. Traneksamiki iliondoka kabisa kwenye toroli, ikahamia kwenye sanduku jekundu la dharura ya kutokwa damu, nje ya mlango wa thieta, pamoja na oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, kanula na mabomba yake. Bupivakaini ikapewa kasha lake, halikai na kitu kingine. Msaidizi anashika ampuli kitakoni, maandishi yananitazama mimi, na haivunjwi kabla sijasoma mwenyewe kwa sauti: jina, nguvu, tarehe. Yeye naye anasoma. Siulizi tena "Bupivakaini?", nauliza "Hii ni nini?" Taa ndogo ilifungwa juu ya toroli. Ampuli tupu hazitupwi, zinakaa kwenye bakuli hadi mgonjwa atoke. Hilo la mwisho nililipigania mimi, na wengine waliona ni uchafu. Na kila shehena mpya ikija, tunaiweka kando ya zile za zamani kabla haijaingia kwenye kasha, kwa kuwa mtengenezaji hubadilika, na ampuli zilizotofautiana mwaka jana mwaka huu huweza kuwa mapacha.

Mwezi uliopita nimekuta ampuli mbili za traneksamiki zimerudi kwenye toroli, zimefichwa chini ya plasta.

Sikufoka. Najua aliyeziweka alikuwa anawaza nini. Wiki ile mama mmoja alitokwa damu mezani, sakafu ikalowa, na mtu alilazimika kukimbia hadi kwenye sanduku, akarudi, akaambiwa mabomba ya mililita 10 yamekwisha, akakimbia tena. Kwa dawa hii, uchambuzi uliotoka 2018 ulikadiria kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa takriban asilimia 10. Mtu aliyeona damu ile akaisogeza dawa karibu na mkono wake, namwelewa. Ila ameisogeza karibu na mgongo wa mama mwingine.

Nikazitoa. Kisha nikasimama mezani nikahesabu hatua hadi kwenye sanduku: 14. Tumelisogeza, sasa liko ukutani upande wa ndani, kando ya mlango, hatua 6, na mabomba yanahesabiwa kila asubuhi. Onyo lile la Shirika la Afya Duniani linasema ni heri dawa hiyo ikae nje ya chumba kabisa. Kila nikiingia zamu nalitazama sanduku lile, natazama toroli, na bado sijaamua kama hatua 6 ni nyingi mno au chache mno.