Ya mtu yeyote

Ijumaa nilimpelekea fundi wa fremu ile nyota ya babu. Mliokuwapo humu tangu zamani mnaijua: babu aliyekuwa Keya, askari wa King's African Rifles ya Waingereza, akapelekwa Bama (Burma, Myanmar ya leo) vita vya pili, akarudi na malaria na medali, nyota ya shaba. Nilitaka itundikwe sebuleni kwa mama kabla ya Idi.

Fundi akaigeuza. Nyuma patupu.

"Dada, jina liko wapi?"

"Haikuandikwa. Ni ya babu yangu."

"Sawa. Lakini kama haina jina, si ni ya mtu yeyote?"

Hakuwa na ubaya, alikuwa anatafuta tu upande wa kuonyesha. Na mimi, badala ya kumjibu, nikauliza bei! Ukaguzi ofisini umepita salama, mdogo wangu kaolewa Morogoro, na mimi bado nimo kwenye daladala namjibu fundi kimoyomoyo. Si ni ya mtu yeyote?

Linaniuma kwa sababu jirani yetu ana medali ya fedha ya babu yake, ya vita vya kwanza. Ukingoni wamechonga namba, cheo na jina. Upande mmoja yupo mwanamume uchi juu ya farasi anakanyaga ngao. Mchongaji kahangaika pale, unaiona kazi. Nyota yetu ina ncha sita, taji, herufi za Mfalme George wa Sita, na neno Burma kuzunguka. Bonde la Kabaw, walikopigana, halimo. Hata kichwa cha faru, alama ya Divisheni yao ya 11 ya Afrika Mashariki, hakimo. Nyota za vita vya pili Waingereza waliamua kuzitoa bila majina. Walioandikiwa ni askari wa Australia, Afrika Kusini na India. Kwa hiyo hata kanali wa Kiingereza aliyekuwa Bama alipewa tupu kama ya babu. Hilo lilinifariji kama dakika tano hivi.

Utepe ndio nilioupenda tangu utotoni: bluu, nyekundu katikati, na michirizi ya rangi ya chungwa. Chungwa, wanasema, ni jua. Babu alikuwa akicheka akilisikia hilo. Jua gani? Yeye alichokumbuka cha mwaka 1944 ni mvua, tope na kusukuma malori.

Jumapili nikamsimulia mama, nikitegemea atanuna pamoja nami. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga.

"Kamwambie huyo fundi azipapase ncha."

Nikazipapasa mimi. Mbili zimelika, laini kama sabuni ya jana. Kumbe kila mkesha wa sikukuu mama ndiye aliyepewa kuing'arisha, kwa majivu na ndimu, maana babu aliibandika kwenye koti juu ya kanzu kwenda kuswali. Mwaka mmoja alisugua mpaka babu akamfokea: "We mtoto, utaimaliza nyota ya mfalme!"

Jana nimempigia fundi. Nimemwambia kioo asiweke, mama apate kuifikia. Akasema bei ni ileile, na fremu bila kioo itaingia vumbi. Iingie.

Sasa fundi ninayemtafuta ni wa tanki la maji. Linavuja tangu Jumatano, ukuta wa chumba cha watoto umeanza kuota ukungu, na simu yake inaita tu.