Elfu thelathini za dada

Leo uji wa ulezi umenishikia chini ya sufuria. Mkubwa akaingia jikoni, akavuta pua, akacheka: "Mama, unanukia kama wa dada." Akatoka zake. Mimi nikabaki na mwiko mkononi.

Dada wetu wa kazi alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa uji.

Mwaka 2020 mnaukumbuka. Machi shule zikafungwa, wageni wakakatika, na anayeendesha watalii Arusha, kama baba watoto, haishi kwa mshahara, anaishi kwa posho ya safari na bakshishi. Aprili na Mei ni mvua, tumezoea kujibana. Tukajipa moyo kwamba Juni magari yatapanda Serengeti. Mimi kutwa sokoni na mitumba yangu, nikitazamana na wauzaji wenzangu.

Jioni moja umeme umekatika, dada amekaa kwenye kigoda anachambua maharage ya makande kwa tochi ya simu. Nikaja na daftari. Maneno nilikuwa nimeyafanyia mazoezi chumbani kama mtu anayekwenda kuposa.

"Dada, hali si unaiona."

"Naiona, mama." Mikono haikusimama. Jiwe, tupa. Bovu, tupa.

"Elfu themanini sitaiweza. Hamsini nitajikaza. Ukiona bora urudi Kondoa, nauli nitakupa."

Nauli yenyewe sikuwa nayo. Na nakiri, kichwani nilikuwa nimejikinga na kiwango cha serikali cha wakati ule, 40,000 kwa dada anayelala nyumbani. Hamsini si imezidi?

Akapeta ungo, akapuliza makapi, akaomba daftari. Kidole chake, kina unga wa maharage, kikashuka taratibu kwenye orodha yangu: kodi, unga, gesi, maziwa, king'amuzi. Hapo kikasimama.

"Ni kwa ajili ya watoto," nikasema, wala hajaniuliza.

"Sawa, mama."

Kidole kikaendelea hadi chini. Ndipo akasema jirani wa nyumba ya pili anatafuta wa kumshikia mtoto mchana. Aletwe hapa, awalee pamoja, jirani ampe ishirini. "Akilia mmoja, wakilia wawili, masikio ni haya haya."

Aibu ikanipanda. Nikachukua kalamu, nikaandika mbele yake: dada, 30,000 kila mwezi, deni. "Mambo yakikaa sawa nakulipa zote." Akacheka kidogo, akarudi kwenye maharage.

Miezi sita ikapita hivyo. King'amuzi tulikilipia mpaka Mei.

Wageni wakarudi mmoja mmoja. Mwaka uliofuata dada akaolewa, tukamsindikiza na vitenge na godoro la inchi nane, tukalia wote. Daftari hakuna aliyelifungua. Baba watoto husema lile godoro lilizidi deni. Labda. Ila siku ile mbele ya shangazi zake tulilitaja kama zawadi.

Basi leo, uji ukiwa bado unanuka, nikamtumia 180,000 kwa simu, bila maelezo. Haikupita dakika tano, meseji ikaingia:

"Shikamoo mama. Umekosea namba?"

Mpaka sasa sijajibu. Nikisema sikukosea, itabidi niseme ni za nini.