Siku Moja Maishani Mwangu: Mvua ya Kulipiwa

Saa 10 alfajiri, kabla ya adhana, mimi ni mwandishi tu. Nimeketi jikoni kwangu, Mombasa, na kikombe cha kahawa ya tangawizi, nikirekebisha sehemu ya 41 ya tamthilia yetu. Ukurasa mmoja wa mswada huchukua takriban dakika moja kwenye runinga, kwa hiyo nikizidisha kurasa mbili sasa, kuna mhusika atakayekatwa baadaye, na mara nyingi huwa ni yule nimpendaye.

Saa 1 asubuhi nafika Mji wa Kale, karibu na Ndia Kuu, nikiwa mtayarishaji. Miezi miwili iliyopita niliandika neno moja, "mvua", bila kuwaza gharama. Leo neno hilo limekuja kwa umbo la boza la maji lisiloweza kuingia kichochoroni, na dereva wake anataka alipwe kwanza. Namlipa, kisha nawaita wauza maji wawili wenye mikokoteni, mitungi 30 ya lita 20. Kijana mmoja anapanda darini na ndoo zilizotobolewa, mwingine anasimamisha taa nyuma ya maji, kwani mvua isiyomulikwa kwa nyuma kamera haiioni.

Saa 4 msichana wa mavazi ananivuta kando. "Mama, kanga ya Bi Zuhura imebaki nyumbani." Tukio ni la usiku uleule tuliourekodi wiki jana, na picha zinamwonyesha amejifunika kanga ya kijani. Naandika upya mistari minne nikiwa nimesimama, nikiuegemeza mswada ukutani: Zuhura amemfunika mtoto aliyelala, naye anatoka kichwa wazi mvuani. Nakiri tukio limependeza kuliko nilivyolipanga.

Adhuhuri adhana zinapokezana msikiti hadi msikiti, fundi wa sauti anavua vipokea sauti, nasi tunakula biriani.

Saa 10 jioni niko kwa mhariri. Kanuni za utangazaji za Kenya zinalinda watoto kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku, nasi hurushwa saa 1:30 jioni. Ngumi tatu zinabaki moja, na hata hiyo inasikika tu nyuma ya mlango.

Saa 3 usiku nafungua sehemu ya 42, ambamo jahazi linazama kwa dhoruba. Nautazama ukurasa mtupu kwa muda, kisha naandika: "Ndani, usiku. Zuhura anasubiri habari. Upepo unasikika kwa mbali."