Kenta ya mchanga na farasi wa Uingereza

Juzi kenta imetuletea mchanga hapa Mwanakwerekwe, Unguja, dereva anarudi nyuma mie namuelekeza, mbele ya gari limeandikwa Canter herufi kubwa, nikajiuliza hivi hili neno maana yake nini hasa, maana sote twasema kenta kenta tu kama limezaliwa Darajani.

Kumbe ni mwendo wa farasi! Umezidi matiti (ule mwendo wa farasi wa kudundadunda) lakini haujafika shoti (mbio zake za kasi kabisa), kwato zinapiga mara tatu halafu kimya kidogo, ta-ta-tam, ta-ta-tam. Na asili yake ni mji wa Canterbury, Uingereza, ambako askofu mkuu Thomas Becket aliuliwa ndani ya kanisa mwaka 1170, watu wakawa wanakwenda kuzuru kaburi lake, na ziara haina haraka, farasi wanakwenda kwa raha zao, ndo ukaitwa mwendo wa Canterbury, baadae neno likakatwa mkia ikabaki canter.

Sisi nasi tunayo yetu ati. Marehemu babu alikuwa na punda wa kupanda, akimsifu husema "huyu anakwenda telki", yaani anakaza mwendo lakini wewe juu hutikisiki, hata kikombe cha kahawa hakimwagiki (hapo babu alitia chumvi). Leo mwambie kijana telki, anakukodolea macho. Na matiti ndo usithubutu, watacheka mpaka wakae chini.

Mchanga ulipokwisha kumwagwa nikamhadithia dereva. Akanambia, "Yakhe, hii ikishapakia, hata punda wa babu yako anaipita."