Kilicho chini ya mng'ao wa vikorombwezo vya pikipiki

Ngao, keria na bomba la moshi vikipangwa dukani Kariakoo hung'aa vyote sawasawa, ilhali ubora wake hutofautiana kama mbingu na ardhi. Kwa sisi wa Dar es Salaam, ambao tunaishi na upepo wa chumvi mwaka mzima na madimbwi ya masika juu yake, naamini mnunuzi anapaswa kuuliza kwanza kuna nini chini ya mng'ao huo.

Wengi hudhani kromu, ile metali inayong'aa iliyopakwa juu ya chuma, ndiyo inayozuia kutu. Tabaka la kromu ya mapambo kwa kawaida halifiki hata maikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), tena lina nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Kinachokilinda chuma hasa ni nikeli, metali nyingine iliyotangulia kupakwa chini yake, ambayo kwenye kazi nzuri hufikia maikroni 20 au zaidi. Mtengenezaji anayebana gharama huipunguza nikeli hiyo kwa sababu mnunuzi haioni. Hivi karibuni nilifungua ngao ambayo kwa mbele ilikuwa bado inapendeza, lakini chini ya kibano, mahali ambapo tope hukaa muda mrefu bila kukauka, kromu ilikuwa imevimba malengelenge na kubanduka kwa kucha. Ndiyo maana mimi hukagua kingo za matundu ya bolti na upande wa nyuma kabla ya kutazama mbele.

Mafundi wetu wa kuchomelea nawaheshimu sana, kwani mara nyingi hutumia bomba nene kuliko la dukani na maungio yao huhimili uzito wa abiria na mizigo. Udhaifu huja kwenye rangi, inapopulizwa juu ya mabaki ya kuchomelea na mafuta ya mikono. Nakuomba umsimamie fundi asafishe maungio, apige msasa hadi chuma kiwe cheupe, afute mafuta, kisha atangulize praima (rangi ya msingi) yenye zinki. Mwombe pia atoboe tundu dogo sehemu ya chini kabisa ya bomba, kwa maana maji yakishaingia yasipate pa kutokea, chuma huliwa kutoka ndani huku rangi ya nje ikiwa nzima.

Kuhusu stenlesi, yaani chuma cha pua kisichoshika kutu kirahisi, kipimo cha sumaku kinachopendwa na wauzaji, kwamba isiponasa basi ni stenlesi nzuri, hakitoshi. Stenlesi ya daraja la 201, ambayo ina nikeli kidogo na hupata kutu mapema karibu na bahari, haivutwi sana na sumaku, wakati ile ya 409 inayotumika kwenye mabomba mengi ya moshi yaliyo halali kabisa huvutwa. Kati ya hizi, inayoistahimili chumvi vizuri zaidi ni 316, kwa sababu ya metali ya molibdeni iliyomo, nayo bei yake ni kubwa.

Alumini ina jambo lake. Bolti ya stenlesi ikifungwa moja kwa moja kwenye alumini, maji ya chumvi yakapita katikati, alumini ndiyo inayolika, na uzi wake (ile mikunjo ya ndani ya tundu inayoshika bolti) hugeuka unga mweupe unaoishika bolti isifunguke. Kwa anayevuka na kivuko cha Kigamboni kila siku, grisi kidogo kwenye kila uzi wakati wa kufunga na maji baridi yasiyo na chumvi jioni vinatosha kuchelewesha hali hiyo kwa muda mrefu.