Siku Niliyoelezwa Dawa Kabla ya Kuimeza

Kwa zaidi ya mwaka nilidhani moyo wangu ndio mgonjwa. Nilikuwa karani wa nyaraka za mizigo hapa Malaba, na kila siku mapigo yalinipanda hadi shingoni, jasho jembamba likanitoka, vidole vikafa ganzi. Nilipimwa presha, damu, tezi ya shingo, hata kipimo cha umeme wa moyo. Vyote safi. Kuambiwa huna kitu ilhali unajiona unakufa ni upweke mkubwa sana.

Usiku usingizi haukuja. Duka moja la dawa mtaani liliniuzia vidonge ndani ya bahasha ya karatasi isiyoandikwa jina, bila kuniuliza swali hata moja. Vilinituliza kweli, tena upesi, lakini kukicha jakamoyo lilikuwa palepale. Nikaacha kuvuka daraja la Mto Malaba kwenda upande wa Kenya, ingawa kazi ilinitaka nivuke. Vijana wenzangu wakanivukia karatasi zangu. Mke wangu alitazama hayo kwa muda, kisha akasema, "Baba Halima, kesho tunakwenda Mbale."

Hospitali ya rufaa ya Mbale ina kitengo cha afya ya akili. Njia nzima, tangu Tororo na mwamba wake, niliinamisha kichwa nisionwe na mtu ninayemjua. Kwetu Uganda jina Butabika limegeuzwa tusi. Ile ni hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa mwaka 1955, imetibu watu wengi mno, na bado mtu akigombana na jirani humwambia, "Wewe wa Butabika!" Tusi hilo linachelewesha watu kutibiwa. Lilinichelewesha mimi.

Aliyetupokea alikuwa tabibu wa kike, mtu mzima wa umri wa mama yangu. "Mwanangu, keti karibu na mkeo," akasema. Aliuliza mengi, bila haraka. Nakunywa kahawa kiasi gani? Natafuna mairungi kama madereva? Pombe je? Ni mahali gani nimeacha kwenda? Akaniuliza pia, waziwazi, kama nimewahi kufikiria kujiua. Nikajibu hapana, na mke wangu akashusha pumzi. Kisha tabibu akasema huu ni ugonjwa wa wasiwasi, una tiba, na si udhaifu wa imani. Mjomba alikuwa amenipeleka kwa shehe, nami nikamweleza. Hakudharau. "Dua endelea nazo," akasema, "na dawa umeze."

Tulimwonyesha ile bahasha. Akavitambua vidonge: dayazepamu. Alisema hutuliza ndani ya saa moja, ndiyo maana watu huvipenda, lakini mwili huvizoea, na ukivichanganya na pombe vinaweza kukuzimisha pumzi. Aliyevimeza miezi mingi asiviache ghafla, hupunguziwa na daktari wake. Mimi nilikuwa nimevimeza usiku chache tu, basi akavibakiza mezani kwake.

Halafu akachukua fomu kuukuu, akaigeuza nyuma, akachora mstari kwa kalamu ya wino. Mstari haukupanda moja kwa moja. Ulishuka kwanza, ukafanya shimo dogo, ndipo ukaanza kupanda polepole. "Hii ni fluoksetini," akaniambia, "miligramu 20, asubuhi. Hapa," akagonga lile shimo, "tumbo litachafuka, usingizi unaweza kukimbia, hata hofu inaweza kuzidi. Usije ukasema dawa imekukataa. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, wakati mwingine 6. Ukizidiwa, au ukianza kuwaza kujidhuru, njoo siku hiyohiyo." Mke wangu akaikunja karatasi akaiweka kwenye mkoba.

Yote yakatokea kama alivyosema. Usiku mmoja nilikaa kitandani moyo ukipiga ngoma, nimeazimia kuacha, na mke wangu akaifungua ile fomu chini ya taa ya simu, akaweka kidole kwenye shimo. "Uko hapa," akasema. Naamini wengi huacha dawa wakiwa hapo hapo, kwa kukosa mtu wa kuwachorea.

Kuhusu daraja, tabibu alikuwa mkali kidogo. Kila nilipolikwepa nilipata ahueni ya dakika chache, na hofu ikanenepa. Akanitaka nisimame mwanzoni mwa daraja, nikandamize nyayo ardhini, nitoe pumzi taratibu zaidi kuliko ninavyoivuta, nitaje ninavyoviona, na nisiondoke mpaka hofu ishuke yenyewe. Ikishazoeleka hapo, niende hadi katikati. Kisha nivuke na mtu, mwisho peke yangu. Mafunzo ya namna hiyo ya kukanyaga ardhi na kupumua Shirika la Afya Duniani liliyajaribu hapa hapa Uganda kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini, kambi ya Rhino, West Nile, kwa kozi ya sauti iliyorekodiwa wakisikiliza kikundi kizima. Matokeo yalitoka 2020, na dhiki yao ilipungua.

Nilisimama pale malori yakinipita ubavuni, vumbi na moshi wa dizeli usoni. Hofu ilipanda mpaka nikaona siwezi. Nikataja: turubai la bluu, mama wa ndizi, baiskeli, askari. Ikakaa. Ikashuka. Kujua kwamba inashuka hata usipokimbia, hilo hakuna kidonge kilichonipa. Ila sina hakika ningeweza kusimama pale bila kidonge kwanza.

Sasa navuka na karatasi zangu mwenyewe. Dawa bado nameza. Tabibu alisema nikishapona niendelee angalau miezi 6, tena zaidi, na siku ya kuacha atanipunguzia yeye kidogo kidogo. Hospitalini ikikosekana tunainunua famasi, na mke wangu huhesabu vidonge vikiwa bado vya wiki mbili, ili tusije tukakatika katikati.