Nilivyochapisha utafiti wangu wa dagaa bila kulipa ada

Mtu yeyote wa Kigoma anajua kwamba dagaa wa chanja, walioanikwa juu ya meza za mbao, wana bei kuliko dagaa wa mchangani. Utafiti wangu ulitaka kujua kwa nini akina mama wengi wa Kibirizi na Katonga bado wanaanika chini. Nilipomaliza, likabaki swali la wapi niuchapishe.

Nilitaka jarida huria, lile ambalo msomaji halipii chochote. Ziwa Tanganyika ni la nchi nne, na nilitaka mwenzangu wa Uvira au Bujumbura asome kazi nzima. Mara ngapi nimeishia kwenye muhtasari wa makala kuhusu samaki waliovuliwa hapa hapa kwetu, halafu nadaiwa dola ili niendelee kusoma! Inauma.

Ila asipolipa msomaji, mara nyingi analipa mwandishi. Jarida maarufu la sayansi la Nature lilipofungua njia hiyo mwaka 2021, ada yake ilikuwa euro 9,500. Jarida nililolilenga mimi lilitaka zaidi ya dola elfu moja, na kwa hela hiyo unajenga chanja nyingi sana.

Nikasoma maelekezo ya ada mpaka mwisho. Wachapishaji wengi husamehe ada, yote au sehemu, kwa waandishi wa nchi zenye uwezo mdogo, lakini kwa kawaida unaomba wakati wa kutuma makala, usingoje ikubaliwe. Niliandika ombi fupi: sina mfadhili, gharama zimetoka mfukoni mwangu. Wakanisamehe yote.

Huku nyuma barua pepe zilikuwa zinamiminika kutoka kwa majarida yanayokuita profesa mashuhuri na kuahidi kukuchapisha wiki hiyo hiyo. Hayo yanataka hela yako tu. Jarida langu nililitafuta kwanza kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003, kisha nikamuuliza mwalimu wangu kama anawafahamu wahariri wake. Uhakiki, yaani wataalamu wengine kuikagua makala, ulichukua miezi. Mhakiki mmoja alinibana nieleze upya nilivyopima unyevu wa dagaa, na makala ikawa bora kwa sababu yake.

Faida niliyoithamini zaidi ni leseni ya CC BY. Inamruhusu yeyote kunakili na kutafsiri, mradi amtaje mwandishi. Makala yenyewe ni ya Kiingereza, na Kiingereza nacho ni kufuli, hata kama kusoma ni bure. Kwa hiyo nikaifupisha kwa Kiswahili, kurasa mbili, nikatoa kopi kwenye stesheneri ya Mwanga, viongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi, wakazigawa mwaloni.

Mama mmoja wa Katonga alizisoma zote, akanirudishia karatasi. "Umeandika vizuri, mwanangu. Lakini mbona hujasema kwamba mbao za chanja zinaibwa usiku?"

Hilo halikuwamo kwenye dodoso langu. Sasa limo.